Mpini wa Mtundulu

Mtundulu hauna watetezi wengi. Mchungaji wa Busega anaulaani kwa kuwa unameza malisho. Mkulima anaulaani kwa kuwa ukiukata leo, msimu ujao mizizi imetoa machipukizi kila upande. Na mwendesha baiskeli anayetoka Nyashimo kuelekea vijiji vya ndani hana haja ya kueleza, pancha zinamsemea. Mwiba wake si kama wa mgunga, mweupe, unaouona toka mbali ukaupisha. Huu una rangi ya tawi lenyewe, una urefu wa kidole, na mara nyingine una majani juu yake, kwa sababu kwa asili ni tawi dogo lililoacha kurefuka likachongoka. Unapenya soli ya kandambili, unapenya katambuga ya tairi, na dereva wa trekta mwenye akili hukizunguka kichaka chake badala ya kupita katikati.

Halafu mvua zinaanza na mti huohuo unachanua. Kishada kinaning'inia kichwa chini, nusu ya juu rangi ya waridi inayokaribia zambarau, nusu ya chini njano, na mpaka kati ya rangi hizo umekatwa safi, utadhani kimechovywa. Wataalamu wa mimea, wanaouita mti huu Dichrostachys cinerea, wanasema zile nyuzi za waridi ni maua tasa: hayazai chochote, yapo kwa ajili ya kuwavuta wadudu. Yanayozaa ni yale ya njano, na kwayo hupatikana maganda yaliyojikunja na kusokotana, ambayo mbuzi na ng'ombe huyafuata kwa bidii na kuzisambaza mbegu kwenye samadi yao. Ndiyo kusema mfugaji anayeulaani mtundulu ana mifugo inayoupanda.

Ua ni zuri, lakini ninachotaka kukisifu kiko ndani ya gamba. Chini ya gamba la kijivu kuna tabaka la mti wa rangi ya manjano hafifu, laini kiasi, ambao bungua wanaupenda. Ndani ya tabaka hilo kuna kiini: chekundu cha kukolea, chenye michirizi myeusi, kizito, ambacho shoka likikifikia hata sauti yake inabadilika. Mchwa wa Usukuma, wanaoweza kuila nguzo ya mlingoti isiyotiwa dawa mpaka ikaanguka kwa kuegemewa, kiini hiki hukiacha. Kwa hiyo mtu anayesimika zizi la kuwaachia wanawe hutafuta nguzo za mtundulu. Lakini mti wenyewe ni mfupi, mita saba au nane ukibahatika, na shina lake aghalabu halizidi unene wa paja. Hautoi mbao. Seremala wa vitanda na makabati hana shughuli nao. Unachotoa ni vitu vya kipimo cha mwili wa mtu: fimbo, rungu, mchi mdogo, mpini wa shoka, mpini wa jembe.

Mpini wa jembe ndio ninaouhusudu. Usukuma una kazi za mti zinazotazamwa, zikiwamo ngoma kubwa na viti vya watemi vinavyohifadhiwa Bujora, Kisesa, katika makumbusho yaliyoanzishwa na Padri David Clement. Hata jembe lenyewe lina siku yake ya kutazamwa. Mwezi wa Juni, kwenye sherehe za Bulabo, ambapo makundi mawili ya ngoma hushindana, Wagika upande mmoja na Wagalu upande mwingine, wachezaji wa bugobogobo hulirusha jembe hewani, wakajigeuza, wakalidaka bila kukosa mdundo. Macho ya watu hapo yako kwa mchezaji. Mpini unaozunguka hewani bila kuyumba, kwa kuwa uzito wake umegawanywa sawasawa, hakuna anayeuuliza ulikotoka. Mpini mzuri ndivyo ulivyo: sifa yake yote ni kutohisiwa. Ukianza kuuhisi, tayari una malengelenge.

Nyashimo ni makao makuu ya Wilaya ya Busega, wilaya iliyomegwa kutoka Magu na kuingizwa katika Mkoa wa Simiyu ulipoundwa mwaka 2012, pamoja na Bariadi, Itilima, Maswa na Meatu. Barabara kuu ya Mwanza kwenda Musoma inapita hapo, Ziwa Victoria likiwa upande mmoja, na mbele kidogo, Lamadi, unakunja kuelekea Bariadi katika nchi ya pamba. Mabasi yanapita, malori yanapita, watalii wanaokwenda lango la Ndabaka la Serengeti wanapita. Fundi wa mipini ninayetaka kumzungumzia huketi kando ya yote hayo, chini ya mti, akiwa na tezo, panga, kipande cha kioo cha chupa, jiko la mkaa na rundo la miti ambayo mpita njia angeidhani kuni. Wapo mafundi wa namna yake katika magulio mengi ya Usukuma. Hawana kibao cha kuwatangaza. Wateja wanawajua kwa uso.

Ili kuielewa kazi yake lazima kwanza kutofautisha majembe. Jembe la pete, linalouzwa dukani siku hizi, lina tundu la chuma. Mpini unaingizwa kwa juu, upande mwembamba ukitangulia, hadi unene wa kichwani ukabe. Ukiinua na kupiga, uzito wa jembe unalivuta kuelekea ule unene, kwa hiyo kadiri unavyolima ndivyo linavyokazika. Ni ubunifu mwepesi na wenye busara. Jembe la mkia ndilo la kale. Warongo wa pande za Geita waliyeyusha chuma na kufua majembe yaliyouzwa mbali, na zama hizo jembe lilitosha kulipiwa mahari. Hilo lina mkia uliochongoka, na mkia huo unapenya kwenye kichwa kinene cha mpini. Hapo mti ndio unaokishika chuma. Kichwa kikipasuka, huna jembe, una kipande cha chuma na fimbo.

Mpini wa pete kila mtu mwenye panga anaweza kujaribu kuuchonga. Mpini wa mkia unahitaji fundi, na fundi huyo anahitaji mti usiokubali kupasuka. Humo ndimo mtundulu unamolipia miiba yake.

Kazi inaanzia porini, na kwa maoni yangu nusu yake inaishia hukohuko. Kichaka cha mtundulu kinalingana machoni mwa mtu asiyejua. Kwa fundi, pembezoni mwake na katikati yake ni sehemu mbili tofauti. Mti wa pembezoni umepata jua la kutosha, umetanua matawi, umejaa miiba toka chini. Kila mwiba ni tawi, na kila tawi lina mzizi wake ndani ya shina, yaani fundo. Mpini wenye mafundo mengi utavunjika kwenye fundo. Mti wa katikati umesongwa na wenzake. Ili kulipata jua ilibidi urefuke kabla ya kutanuka, kwa hiyo umenyooka na miiba ya chini ni michache. Fundi huingia kichakani kiubavu, mikono juu, akiisukuma miiba kwa panga lililolala, mpaka afike kwa huo wa katikati.

Akiufikia, haukati. Anaulaza uso wake karibu na gamba na kutazama mistari. Gamba la mtundulu lina mifereji ya wima, na mifereji hiyo inafuata nyuzi za mti ulio chini yake. Ikipanda wima hadi juu, nyuzi zimenyooka. Ikiuzunguka mti, hata kidogo, nyuzi nazo zinazunguka, na mpini wa namna hiyo utajisokota ukikauka na jembe litatazama pembeni. Anauacha. Nimemwona akiacha miti ambayo mimi ningeikata kwa furaha. Ukimuuliza, haelezi, anapitisha kidole gumba kwenye mfereji, kinapanda, kinapinda kidogo, basi. Jibu limeshatolewa.

Kwa mpini wa mkia anaongeza hatua moja. Anapiga magoti na kuufukua mti shingoni, pale shina linapokutana na mizizi. Machipukizi ya mtundulu hutokea kwenye mizizi inayotambaa, na mahali chipukizi linapoungana na mzizi mama mti huvimba, nyuzi za shina na za mzizi zikipishana na kufungamana. Uvimbe huo ndio utakaokuwa kichwa. Hakuna tezo linaloweza kutengeneza kitu kama hicho kutoka kwenye gogo lililonyooka. Unaweza kuchonga umbo lake, lakini nyuzi zitakuwa zimekatwa, na chuma kitaupasua siku ya kwanza. Fundi anatafuta umbo ambalo mti umeshalimaliza, na anachofanya baadaye ni kuondoa kile kinacholificha.

Kisiki hakifi. Hilo lina uzito kuliko linavyosikika. Mpingo, ambao nao una miiba, nao ni wa jamii ya mikunde, nao una kiini kisichooza, huchukua miaka 70 au zaidi kufikia umri wa kuvunwa. Mpingo una jina duniani: klarineti na zumari za Ulaya hutengenezwa kwao, Wamakonde wameufanya kuwa sanaa, na toka mwaka 2017 biashara yake ya kimataifa inasimamiwa na mkataba wa CITES pamoja na miti yote ya ukoo wake. Mtundulu hauna mkataba wala klarineti. Lakini fundi wa Nyashimo akikata shina moja mwaka huu, mzizi unarudisha mengine, na miaka michache baadaye kuna la kuchagua. Sifahamu kazi nyingi za mti mgumu zinazoweza kusema hivyo.

Anakata kiangazi, baada ya pamba kuchumwa, wakati mti una maji machache. Wapo wanaongoja pia mwezi ufifie, wakiamini bungua hawaingii. Sibishani nao, kwa maana mipini yao haina vumbi la bungua. Miiba na vitawi anavipogoa kuanzia shinani kwenda juu, kufuata uelekeo wa tawi lilivyoota. Anayeanza juu kushuka chini huung'oa mwiba pamoja na ukanda wa mti, na kovu hilo halitoki. Halafu ncha zote mbili anazipaka udongo uliochanganywa na mavi ya ng'ombe, maana mti hukauka haraka zaidi kwenye ncha, na panapokauka haraka ndipo panapopasuka. Gamba analiacha. Miti inapandishwa darini juu ya jiko la mke wake, kwenye moshi, na inasahauliwa.

Hapo ndipo wanunuzi wenye haraka wanapokosana naye. Mti mbichi ukikauka husinyaa, na husinyaa kwa unene. Urefu haupungui kwa kiasi cha kuonekana. Mpini uliotiwa kwenye pete ukiwa mbichi utalegea kabla palizi haijaisha. Mkulima ataupigilia kipande cha kitambaa, kisha atauloweka usiku kucha ili uvimbe, asubuhi umekaza, mchana jua likiwaka umelegea tena. Nusu ya majembe yanayochomoka Usukuma, nadhani, yanachomoka kwa sababu ya mti uliofungwa mapema. Fundi huyu hana dawa ya hilo zaidi ya kusubiri, na kusubiri hakuuziki. Akiona mteja ana haraka sana humwelekeza dukani.

Subira yake, hata hivyo, si ya mtu anayekaa tu. Mtundulu ukikauka kabisa tezo linarudi. Kwa hiyo umbo kubwa lazima litoke ukiwa nusu mbichi: anaushusha darini mapema kidogo, anaondoa gamba na ule mti laini wa nje, anakata umbo huku akiacha unene wa ziada wa karibu nusu kidole kila upande, anaupaka tena udongo kwenye ncha, anaurudisha. Ukishakauka anaushusha mara ya pili, na sasa hakuna tena kukata, kuna kukwangua. Kipande cha kioo cha chupa kinashikwa kwa vidole viwili, kikiinamishwa, kinavutwa kumwelekea yeye. Unatoka ubapa mwembamba wa mti, unaopinda. Ukitoka unga badala ya ubapa, kioo kimechoka. Anavunja chupa nyingine. Zamani kazi hii ya mwisho ilifanywa kwa majani ya msasa, yenye ukali wa ajabu kwa jani, na mwenye kuyapata bado huyapenda, kwa sababu karatasi ya dukani huziba haraka kwa mafuta ya mti.

Nimekaa pembeni ya kazi hiyo ya kukwangua kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kinachovutia ni idadi ya mara anazosimama. Mkwaruzo mmoja, kisha mkono unapita. Mkwaruzo, mkono. Jicho halitumiki sana. Mara nyingine anatazama barabarani na kumwitikia mtu salamu huku kiganja kikipanda na kushuka. Kiganja ndicho kipimo, kwa kuwa kiganja ndicho kitakachoutumia. Palipo na kilima kidogo, ambacho jicho langu halikukiona hata nilipoonyeshwa, anapita mara mbili au tatu. Palipo na bonde, anaacha. Bonde halijazwi. Kwa sababu hiyo mipini yake si mviringo kamili. Inafuata mahali nyuzi zilipokwenda, na ukiuzungusha mmoja mkononi utasikia umepinda kidogo hapa, umejaa kidogo pale, na vidole vinapata mahali pa kukaa.

Tuurudie mpini wa mkia, maana tundu lake ndilo jambo ninaloliona gumu kuliko yote. Halitobolewi kwa keekee. Chuma kilichochongoka kinatiwa kwenye mkaa mpaka kiwe chekundu, kinashindiliwa kwenye kichwa cha mpini, moshi unatoka, harufu kali inatoka, chuma kinapoa, kinatolewa. Masizi yanakwanguliwa. Chuma kinarudi motoni. Kila mara kinaingia kwa kina cha unene wa kucha, au chini ya hapo. Mti ni mgumu na unaungua taratibu, na ni vizuri hivyo, kwa kuwa fundi akiharakisha moto unatanuka pembeni na tundu linakuwa pana. Tundu linapaswa kuwa jembamba kuliko mkia wa jembe, na liwe limelala kwa mshazari, ili uso wa jembe uinamie mlimaji. Mshazari huo haupimwi kwa chombo. Anashika mpini kama mtu anayelima, anamwambia kijana wake ashike chuma, anatazama, anasogeza kidogo.

Wanaolima udongo mweusi wa mbuga, mzito, unaonata, wanataka jembe liiname kwa namna moja. Wanaolima luseni, udongo wa kichanga, wanataka nyingine. Mara zote anauliza shamba liko wapi kabla ya kutia chuma motoni. Watu wa Nyashimo wanalima aina zote mbili, mara nyingine katika shamba moja linaloteremka kutoka kilimani hadi bondeni, na hapo mteja lazima achague anataka kuchoka wapi.

Mkia ukishapigiliwa, ule mti uliokaushwa na moto unakuwa ukuta unaokikaba chuma, na zile nyuzi zilizofungamana za shingo ya mti hazina njia ya kupasukia. Msukumo unaogawanya gogo lililonyooka hapa unakutana na nyuzi zinazokwenda kila upande. Ndiyo sababu alipiga magoti kichakani miezi kadhaa kabla.

Kwamba kipo kichaka cha kupigia magoti si jambo la kulichukulia hivihivi. Miaka ya 1920 serikali ya Waingereza, chini ya uongozi wa kitaalamu wa Charles Swynnerton, ilianza kampeni za kufyeka vichaka Shinyanga ili kumwondoa mbung'o, na maelfu ya Wasukuma waliitwa na watemi wao kwenda kukata. Mbung'o alirudi nyuma. Ng'ombe waliongezeka, pamba ikafuata, na miti iliyobaki ikaendelea kupungua. Mwalimu Nyerere alipopita huko mwaka 1984 alishtushwa na ukavu wa nchi, na mwaka 1986 ukaanza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI. Bariadi, Maswa na Meatu wakati huo zilikuwa ndani ya Mkoa wa Shinyanga, kwa hiyo sehemu kubwa ya Simiyu ya leo imo katika habari hiyo.

Busara ya HASHI ilikuwa kutoleta jambo geni. Iliirudisha ngitili, desturi ya Wasukuma ya kulifunga eneo la malisho mvua zikianza na kulifungua kiangazi nyasi zinapokwisha kwingine. Mwaka 1986 zilikuwa zimebaki hekta kama 600 za ngitili zilizoandikwa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikadiriwa kuzidi hekta 300,000, na mwaka 2002 mradi ukapata tuzo ya Equator ya Umoja wa Mataifa. Sheria za ngitili zilisimamiwa na dagashida, baraza la jadi, na anayeingiza ng'ombe au shoka bila ruhusa alitozwa. Katika ardhi iliyochoka, mtundulu ni miongoni mwa wa kwanza kurudi. Unashika udongo, na kama mikunde mingine unaurutubisha. Ukiachwa bila kupunguzwa, unajaa na kuzifunika nyasi, na hapo mfugaji ana haki ya kulalamika. Mwenye ngitili mwenye akili humkaribisha fundi wa mipini. Yeye anatoa yale mashina ya katikati, mwanga unaingia, nyasi zinapata nafasi.

Kuna nchi ambako mambo yaliharibika kwa kukosa mizani hiyo. Mtundulu ulipelekwa Kuba karne ya 19, wakauita marabú, na mashamba ya miwa na malisho yalipoachwa ukayafunika. Leo umeenea katika zaidi ya hekta milioni moja. Wakuba waliuchoma mkaa, mkaa mzuri, wenye moto mkali na wa kudumu. Januari 2017, baada ya zaidi ya miaka 50 ya vikwazo, bidhaa ya kwanza ya Kuba kuuzwa Marekani kihalali ilikuwa tani 40 za mkaa huo. Nimeifurahia habari hiyo, na pia imenisikitisha kidogo. Kuuchoma mti ni matumizi yasiyotaka jicho. Kwenye tanuri la mkaa mfereji uliopinda na ulionyooka ni kitu kimoja.

Hapa Nyashimo mshindani wa fundi ni mpini wa dukani, wa mlingoti, uliozungushwa kwenye mashine. Ni mwepesi, mviringo kamili, na bei yake haitishi. Siudharau, umewafikia watu wengi ambao fundi mmoja asingewafikia. Ila mashine inakata ilivyowekewa, na nyuzi za mti zikipinda yenyewe inanyoosha, maana yake inazikata. Utaona mstari wa nyuzi ukianzia ubavu mmoja wa mpini na kutokea ubavu wa pili. Hapo ndipo utakapovunjika, kwa mshazari, ukiacha ncha kali. Mpini wa mtundulu ukifikia mwisho wake hautengani hivyo. Unalika. Miaka ya jasho na udongo inaupunguza unene pale mkono unapokaa, mpaka unakuwa mwembamba kuliko ulivyozaliwa, mweusi, unang'aa, na bado mzima.

Mama mmoja alikuja gulioni na mpini wa hali hiyo, ulioliwa hivyo na mikono, na jembe jipya la pete la dukani ambalo tundu lake lilikuwa pana kuliko la jembe lililokufa.

"Mwangaluka, baba."

"Mwangaluka, mayu."

Alitaka mpini mpya. Fundi aliupokea ule wa zamani, akaugonga kwa kifundo cha kidole, akasikiliza, akaugeuza akagonga upande wa pili. Akatazama kichwani kama kuna ufa. Kisha akakataa kuuza. Akachukua kipande cha kiini cha mtundulu kutoka kwenye mabaki, akachonga kabari ndogo isiyozidi kidole, akapasua kichwa cha mpini kidogo tu kwa patasi, akalivalisha jembe, akaipigilia kabari. Akatoza bei ya kabari.

Mama akasema basi amchongee mpini mwanawe, anaanza kulima msimu huu. Fundi akamwambia amlete.

"Yuko shule, baba."

"Basi niletee kijiti kirefu mpaka kiunoni kwake. Na uniambie anashika kwa mkono upi."